Jipu haliivi kwa usiku mmoja

Kila aliyewahi kupika vitumbua anaijua habari hii. Usiku unasaga mchele uliolowa, unatia hamira, unafunika sufuria na kwenda kulala. Alfajiri unakuta kifuniko kimeinuka na unga umemwagikia mezani. Hakuna aliyekuja usiku kuongeza kitu. Kilichofurika ni kile kile ulichokiacha wewe mwenyewe, ila kimeumuka.

Mfano huu wa unga, maji na chachu vilivyoachwa usiku kucha umo katika Sushruta Samhita, kitabu kikongwe cha upasuaji cha India, na umewekwa pale kueleza namna ugonjwa unavyosambaa mwilini. Kitabu hicho kilikusanywa na kuongezwa na mikono mingi kwa karne nyingi. Mapokeo yanakinasibisha na Sushruta, mwanafunzi wa Divodasa wa Kashi, mji unaoitwa leo Varanasi. Mfano wenyewe uko sura ya 21 ya sehemu ya kwanza. Nimeirudia sura hiyo mara nyingi kwa sababu naona ndimo lilimo wazo bora kuliko yote ya Ayurveda, tiba ya jadi ya India, na ndilo linalouzwa kidogo kuliko yote: kwamba ugonjwa una ngazi sita, na kile ambacho sisi tunakiita ugonjwa ni ngazi ya tano.

Kabla ya kupanda ngazi, msamiati kidogo. Ayurveda inasema mwili unaendeshwa na dosha tatu. Vata ni mwendo: pumzi, haja, mishtuko ya neva, mawazo yanayorukaruka. Pita ni joto na uyeyushaji: njaa, nyongo, macho makali, hasira za karibu. Kafa ni unyevu na mshikamano: makohozi, ute wa viungo, usingizi mzito, subira. Kila moja ina makao yake, vata kwenye utumbo mpana, pita katikati ya tumbo, kafa juu, tumboni na kifuani. Neno dosha lenyewe kwa Kisanskriti, lugha ya kale ya India, limetokana na kuharibu. Kinachokuweka hai kimepewa jina la mharibifu, kwa kuwa waliokipa jina walijua kwamba siku ya kuugua kitakachokusumbua ni hicho hicho.

Msomaji wa Mombasa au Unguja hana sababu ya kuyaona haya kuwa mageni kabisa. Kiswahili kina belghamu na kina safura, maneno yaliyotufikia na tiba ya Waarabu, ambao nao waliirithi kwa Wayunani: damu, belghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Safura siku hizi ni jina la ugonjwa wa minyoo inayonyonya damu, lakini asili ya neno ni nyongo ya manjano. Tulipoteza nadharia tukabaki na maneno. Huko India Waislamu waliitunza tiba hiyo wakaiita Unani, yaani ya Kiyunani, na mpaka leo inafundishwa vyuoni sambamba na Ayurveda.

Sasa ngazi.

Ya kwanza ni kulimbikana. Dosha inaongezeka ikiwa bado nyumbani kwake. Vata ikilimbikana, tumbo hujaa na kukakamaa. Pita ikilimbikana, ngozi huwa na umanjano wa mbali na joto la mwili hulegea. Kafa ikilimbikana, viungo huwa vizito na uvivu huingia. Hakuna hospitali itakayokulaza kwa hayo, wala mwajiri atakayekupa ruhusa. Lakini Sushruta anaongeza dalili moja ambayo sijaiona ikitajwa kwenye tangazo lolote: mtu huanza kukichukia kile kilichomletea hali hiyo. Aliyekula vya mafuta wiki nzima anavikinai. Aliyeshinda juani anatamani kivuli kuliko kawaida yake. Kwa maneno mengine, daktari wa kwanza ni ile hali ya kukinai, na wengi wetu tunamnyamazisha kwa achari na soda.

Ya pili ni kuchafuka. Kilicholimbikana kinachemka. Tumbo linasokota na hewa inatembea ndani. Kiungulia chenye uchachu, kiu, mwili unawaka. Chakula hakitamaniki na moyo unachefuka. Hapa ndipo wengi tunapopita duka la dawa, tunanunua vidonge vya kutuliza asidi, na mchana tunarudi mkahawani pale pale.

Ya tatu ni kufurika, na hapa ndipo unga unapomwagika. Kitabu kinatoa na mfano wa pili, wa maji mengi yanayovunja kingo na kuchanganyika na maji mengine. Dosha inaweza kufurika peke yake, au na mwenzake, au zote pamoja na damu. Sushruta anahesabu namna 15 za kufurika, na ukizifanyia hesabu unaona ameiingiza damu kama ya nne. Wanaosema Ayurveda ni mambo ya tatu-tatu tu hawajamsoma mpasuaji huyu, aliyeshika damu kwa mikono yake na hakuweza kuiweka pembeni. Kisha unakuja mfano wa tatu, ninaoupenda kuliko yote miwili: dosha iliyochafuka huleta madhara popote inapokusanyika, kama wingu linavyonyesha pale lilipo.

Ya nne ni kutua. Wingu linatembea mwili mzima, ila mvua inashuka penye kasoro, kwenye njia iliyoziba au sehemu iliyokwisha dhoofika. Ndiyo maana watu wawili wenye mtindo mmoja wa maisha, mmoja anaumwa magoti na mwenziwe anaumwa kifua. Katika ngazi hii zinatokea dalili za awali, zile za kutabiri. Mganga mwenye macho anajua kinachokuja, mgonjwa hajui.

Ya tano ni kudhihirika: uvimbe, homa, kuhara. Sasa una jina la ugonjwa, unaweza kuliandika kwenye cheti. Ya sita ni kupasuka. Uvimbe unakuwa kidonda, homa na kuhara vinakuwa vya kudumu. Ukiuacha hapo, anasema, unaingia kundi lisilotibika.

Anafunga kwa hukumu mbili. Dosha iliyoondolewa wakati wa kulimbikana haipati nafasi ya kusafiri zaidi, na kila ngazi inayofuata huifanya kuwa na nguvu kuliko ile ya nyuma. Tena, anayezijua ngazi zote sita ndiye anayestahili kuitwa tabibu. Mswahili atasema hayo yote yamo ndani ya usipoziba ufa utajenga ukuta. Yamo, lakini methali haikuelezi ufa unafananaje ukiwa bado mwembamba kama unywele. Sura ya 21 inajaribu kueleza.

Jina la sura hiyo ni muhimu: ni sura ya maswali kuhusu vidonda. Nikiiangalia kwa jicho hilo, ngazi sita zinabadilika sura. Hii ni hadithi ya jipu. Usaha unajikusanya, unachemka, unasambaa, unatafuta pa kutokea, unavimba, unapasuka. Mpasuaji aliyekaa miaka akitazama majipu yakiiva alichukua kile alichokiona kwa macho akakitandaza juu ya magonjwa yote, hata yasiyoonekana. Hilo halimpunguzii heshima. Sayansi nyingi zimeanza hivyo. Lakini linatusaidia kujua wapi nadharia ina nguvu na wapi imekopeshwa nguvu.

Maana si kila ugonjwa ni jipu. Mtu mwenye mmeng'enyo safi, asiyekula ovyo, akiumwa na mbu mwenye vimelea atapata malaria kama mwingine. Mtoto mwenye selimundu hakulimbikiza chochote. Waandishi wa zamani hawakuwa vipofu katika hili. Sushruta huyo huyo, sura ya 24, anayagawa magonjwa mafungu saba, na la kwanza ni yale yatokanayo na mbegu za wazazi. Kuna fungu la majeraha, kuna fungu la misimu, na la mwisho ni la maumbile, ambamo ameweka njaa, kiu na uzee. (Njaa kuwa ugonjwa! Nadhani kuna mawaziri wa afya ambao wangefaidika na fungu hilo.) Hadithi ya ngazi sita inahusu zaidi fungu moja, la magonjwa yanayotokana na ulaji na mwenendo. Wauzaji wa leo wameifanya iwe ya yote.

Kasoro kubwa zaidi ni kwamba ngazi mbili za mwanzo ni pana mno. Nani hajawahi kujaa gesi? Nani hajaamka siku moja na uvivu? Ukimwambia mtu kwamba hizo ni hatua za kwanza za ugonjwa, umempata mteja wa maisha, kwa sababu daima atakuwa kwenye ngazi ya kwanza ya kitu fulani. Wazo zuri la kuwahi linageuka kuwa biashara ya hofu. Kinachokosekana ni kipimo, na hakuna mahali kukosekana huko kunaonekana vizuri kama kwenye sukari.

Vitabu vya Ayurveda vinauweka ugonjwa wa sukari katika kundi la magonjwa ya mkojo liitwalo prameha, aina 20: 10 za kafa, 6 za pita, 4 za vata. Mpangilio huo una mwelekeo. Za kafa zinatibika, za pita zinadhibitika tu, za vata hazitibiki, na miongoni mwa hizi za mwisho imo madhumeha, mkojo wa asali. Charaka Samhita, kitabu kingine kikuu, kinataja visababishi kwa lugha ambayo daktari wa kliniki ya sukari asingeikataa: raha ya kukaa, raha ya kulala, mtindi, maziwa, nyama nono, nafaka mpya, sukari guru. Kinasema prameha humwendea mlafi anayechukia kuoga na kutembea, kama ndege warudivyo kwenye mti wenye kiota chao. Dalili za awali zinatajwa: utamu kinywani, viganja na nyayo kuwaka, kiu, jasho, na sisimizi kuufuata mkojo. Kuna hata onyo kwamba aliyezaliwa na maradhi hayo kwa sababu ya kasoro ya mbegu ya wazazi wake hatibiki.

Sasa tuje karibu. Mwaka 2006 watafiti wa India walichapisha matokeo ya jaribio lililohusu watu 531 ambao sukari yao ilikuwa imepanda kuliko kawaida lakini haijafikia kiwango cha ugonjwa. Waligawanywa makundi manne. Katika kundi lililopewa ushauri wa kawaida, asilimia 55 walikuwa na ugonjwa wa sukari ndani ya miaka 3. Katika kundi lililosimamiwa chakula na mwendo wa miguu kila siku, ilikuwa asilimia 39.3. Kundi la vidonge vya metfomini, dawa ya sukari, lilikuwa na asilimia 40.5, na waliopata vyote viwili 39.5, yaani kujumlisha hakukuongeza kitu.

Kwa mtazamo mmoja huo ni ushindi wa Sushruta. Kipo kipindi kabla ya jina, ugonjwa unaweza kukatwa njiani, na mwendo wa miguu unafanya kazi ya kidonge. Lakini angalia watu wale 531 walipatikana vipi. Walinyweshwa maji ya glukosi na damu yao ikapimwa. Sisimizi hawakuhusika. Wengi wa watu walio katika hali hiyo hawasikii chochote, wanakula wali na kitindamlo kwa hamu ile ile. Ile dalili nzuri ya kuchukia kisababishi, katika ugonjwa huu, mara nyingi haiji. Kwa hiyo mtu anayekuambia atakusoma mapigo ya mkono ajue kama sukari inakunyemelea, halafu hakuchomi kidole, amechukua nadharia ya kuwahi akaiondolea kile ambacho kingemwezesha kuwahi.

Nije kwenye kurudisha usawa, maana hapa ndipo maneno yamepotoka zaidi.

Watu wengi wakisikia usawa wa dosha wanafikiria mizani ya dukani, theluthi, theluthi, theluthi. Sivyo. Kila mtu anazaliwa na mchanganyiko wake, na usawa ni kurudi kwenye mchanganyiko huo. Mtu mwenye pita nyingi kwa asili hatakiwi kupozwa mpaka awe kama jirani yake. Sushruta anamwelezea mwenye afya kuwa ni yule ambaye dosha zake ziko sawa, moto wa mmeng'enyo uko sawa, tishu na uchafu wa mwili vinafanya kazi yake, na nafsi, hisi na akili yake vimetulia kwa furaha. Choo kinawekwa katika sentensi moja na furaha ya nafsi. Waliokuwa wakitibu watu halisi wasingeona ajabu.

Dawa ya kwanza haina gharama: ondoa kisababishi. Kitabu kinasema kwa ufupi matibabu ni hayo. Ya pili ni kinyume: kinachofanana huongeza, kinachopingana hupunguza, kwa hiyo ukavu hutibiwa kwa mafuta, uzito kwa wepesi, baridi kwa joto. Ndio mantiki ile ile ya bibi anayempa mwenye mafua tangawizi na pilipili manga na kumkataza madafu.

Ya tatu ni moto. Ayurveda inaamini magonjwa mengi yanaanza pale moto wa tumbo unapofifia, chakula kikabaki nusu kimeiva nusu kibichi. Kinachobaki kinaitwa ama (siyo ile ama yetu ya kuchagua), na maana ya neno ni ubichi. Ni kitu kinachonata, kizito, kinachoziba njia. Ukitafuta kitu hicho kwa hadubini hutakiona, na wale wanaodai kwamba ni kolesteroli kwa jina jingine wanakurupuka. Naichukulia kama istilahi ya kazi, jina la hali ambayo tabibu anaitambua kwa ulimi wenye utando, pumzi yenye harufu, uzito na choo kinachonata.

Lakini sikiliza vitabu vinasema nini kuhusu kuitoa. Vagbhata, ambaye kitabu chake ndicho kinachopendwa zaidi na matabibu wa Kerala, jimbo la kusini mwa India, anaonya kwamba ama iliyokwisha kutawanyika kwenye tishu na kujibanza humo isitolewe kwa nguvu. Kufanya hivyo, anasema, ni kama kukamua maji ya tunda bichi: unaliharibu tunda na maji hupati. Kwanza iivishwe. Funga, au kula chepesi, kunywa vitu vya kuamsha moto kama tangawizi. Kisha mwili ulainishwe kwa kunywa samli iliyotiwa dawa na kupakwa mafuta siku kadhaa, utokwe jasho, ili kilichotawanyika kirudi tumboni. Hapo tu ndipo panaanza kile ambacho watu wanakiita panchakarma, matendo matano: kutapisha, kuharisha, kupitisha dawa kwa njia ya haja kubwa, kutia dawa puani, na kutoa damu, wakati mwingine kwa ruba. Charaka hesabu yake ni tofauti kidogo, hana damu kwenye matano yake, anaigawa ile ya njia ya haja kubwa mara mbili. Kila mmoja na kazi yake.

Na baada ya kusafishwa mtu haachiwi aende kula pilau. Anaanza na uji mwembamba wa mchele, kisha mzito kidogo, kisha supu ya choroko, anapandishwa mlo kwa mlo mpaka siku ya saba kwa aliyesafishwa sana. Charaka anafafanua: moto mdogo unauchochea kwa majani makavu na vipande vya samadi, kidogo kidogo, mpaka uweze kuchoma gogo. Ukiutupia gogo mara moja, unazima.

Sasa linganisha hayo na kopo lenye maandishi ya kutoa sumu mwilini kwa siku saba, linalouzwa kwa ujumbe wa simu kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi. Ndani yake mara nyingi kuna sanamaki. Mtu anaharisha, tumbo linapungua, anapiga picha. Hakuna aliyemwuliza kama ana nguvu za kuharishwa, hakuna aliyemlainisha, hakuna uji wa siku ya pili. Wanaouza huku wakitaja hekima ya kale wangefukuzwa na hekima hiyo hiyo katika sura yake ya tunda bichi. Mama mjamzito, mzee mwenye presha anayemeza vidonge vya kukojoa, mtu mwenye ugonjwa wa figo: hao kuharishwa ovyo kunaweza kuwapeleka wodini.

Kuna jambo la majira pia. Kwenye vitabu, vata hulimbikana kiangazi na kuchafuka wakati wa mvua. Pita hulimbikana mvua zikinyesha na kuchafuka jua linaporudi baada yake. Kafa hulimbikana baridini na kuyeyuka wakati wa machipuo. Kwa hiyo kutapisha kuna msimu wake, kuharisha kuna wake. Hiyo ni kalenda ya India yenye misimu sita, na hata ndani ya India imebidi ikubaliane na mahali. Kerala wamechagua mwezi wao wa Karkidakam, katikati ya Julai hadi katikati ya Agosti, mvua za monsuni zinapomwagika, na huo ndio mwezi wa kupakwa mafuta na kunywa uji wa dawa. Huko Kottakkal, ambako tabibu P. S. Varier alianzisha kituo cha Ayurveda cha Arya Vaidya Sala mwaka 1902, huu si mtindo wa watalii, ni kawaida ya nyumba.

Sasa mtu anachukua jedwali la machipuo na majani kupukutika, analitafsiri na kulisambaza kwa watu wa Tanga. Sisi tuna kaskazi na kusi, tuna masika na vuli. Ukiichukulia nadharia kwa uzito, kazi ya kwanza ingekuwa kukaa na wavuvi na wakulima miaka kadhaa, kuandika watu wanaumwa nini upepo unapogeuka. Kunakili jedwali la mwingine ni kumkosea yeye na kujikosea sisi.

Kuhusu usalama sitakaa sana kwa sababu mambo ni bayana. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2004 ulichukua bidhaa 70 za Ayurveda zilizokuwa zinauzwa madukani Boston, na 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Mwaka 2008 wakapima 193 zilizonunuliwa kwenye intaneti, wakakuta karibu moja katika kila tano ina madini hayo. Zile za tawi linalotumia madini kwa makusudi zilikutwa nayo zaidi ya mara mbili kuliko zile za majani. Watetezi wanasema zebaki hiyo imechomwa na kusafishwa kwa utaratibu wa kale hata imekuwa si sumu. Mtoto mwenye risasi kwenye damu hawezi kulishwa utaratibu. Na India yenyewe imechoka: mwaka 2024 Mahakama ya Juu iliibana Patanjali, kampuni inayouza dawa za Ayurveda, kwa matangazo ya kupotosha, mpaka ikachapisha maombi ya radhi magazetini.

Je, mambo haya yanaweza kujaribiwa kwa haki? Wengine wanasema hayawezi, kwa sababu kila mgonjwa anapewa dawa yake tofauti. Sikubali. Mwaka 2011 lilichapishwa jaribio dogo kutoka Coimbatore, mji wa kusini mwa India, wagonjwa 43 wa baridi yabisi, wiki 36. Kundi moja lilipewa methotreksati, dawa ya hospitali ya ugonjwa huo, jingine matibabu ya Ayurveda yaliyokatwa kwa kila mgonjwa kivyake, la tatu vyote. Dawa bandia zilitumika ili wagonjwa na wapimaji wasijue nani kapewa nini. Makundi yote matatu yalipata nafuu inayokaribiana. Watu 43 hawatoshi kumshawishi mtu abadilishe dawa, na mwenye baridi yabisi akiacha dawa zinazolinda viungo vyake anaweza kupindika vidole visirudi. Ninachokitaja ni kwamba mlango upo. Kinachohitajika ni watu wa kuingia, na wengi wao ni wale wale wanaopendelea kupiga matangazo.

Jina baridi yabisi lenyewe, kwa njia, ni tiba ya kale iliyosahaulika ulimini mwetu. Yabisi ni kavu. Tunamwambia mgonjwa kwamba ana ubaridi na ukavu, na tabibu wa Kerala akitafsiriwa jina hilo atatikisa kichwa kukubali, kwa sababu baridi na ukavu ndizo sifa za vata.

Nimalizie na prameha, kwa sababu Sushruta aliandika matibabu yake kwa kuangalia mfuko. Kwa mwenye nacho kuna dawa za kuchemsha, samli na vyakula vilivyochaguliwa. Kwa maskini asiye na ndugu aliandika jambo jingine: avue viatu, aache mwavuli, aishi kwa kuomba chakula, asilale kijiji kimoja zaidi ya usiku mmoja, atembee yojana 100 au zaidi, yaani mamia ya kilomita. Au achukue jembe. Au achimbe kisima.